Kanesheni Sita

Jani lilikuwa limegeuka jeupe.

Mokeira, msaidizi wa maabara, aliinua chupa hadi kwenye mwanga wa dirisha ili Inspekta Jemimah Nyanchera ajionee. Kipande cha jani la kanesheni kilikuwa kimelala juu ya ute mgumu uliochanganywa na dawa, ukijani wote umekitoka. Kwenye chupa ya pili, iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu Dakta Bijal, kipande kingine kilikuwa bado kijani, tena kimeanza kuvimba pembeni.

"Siku kumi na mbili, madam," alisema Mokeira. "Hii ingekuwa ya daktari, haingekuwa nyeupe. Hii ni kanesheni ya kawaida tu, ile tunatupia ng'ombe."

"Una hakika?"

"Mimi ndio nilikuwa namkatia hizo majani kila siku. Nina hakika."

Nyanchera alishusha pumzi. Jani hilo alilichukua yeye mwenyewe mlangoni kwa Drusilla, siku majirani walipokuja mara ya kwanza na galoni la mafuta ya taa. Walikuwa wamelishika juu juu kama panga lenye damu. Mchawi ameiba maua ya maiti, walisema, na ushahidi huu hapa. Sasa chupa ilisema sivyo. Shida ni kwamba majirani hawakuwa watu wa kusoma chupa.

Yeye mwenyewe ilimchukua wiki nzima kuielewa kazi ya Dakta Bijal kiasi cha kuweza kuieleza kortini. Kanesheni za biashara hukaa kwenye chombo hata wiki mbili bila kunyauka, lakini wakuzaji wamezichagua kwa rangi na kudumu, mwaka baada ya mwaka, mpaka harufu ikapotea njiani. Bijal alichukua jeni ya harufu kutoka kwa asumini, akaipandikiza ndani ya kanesheni kwa kutumia bakteria wa udongo mwenye tabia ya kuingiza vitu vyake ndani ya mimea. Pamoja nayo alifunganisha jeni nyingine, ya kuhimili dawa fulani kali. Jani lenye jeni hizo likiwekwa kwenye dawa huishi. Lisilo nazo hupauka na kufa. Ilikuwa alama yake, kama mtu anavyomchoma ng'ombe chapa asichanganyike na wa jirani.

Wiki tatu zilizopita, Jumapili ya mvua ya mawe, Bijal alikutwa amekufa sakafuni katika chumba cha kukuzia miche. Umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi. Daktari aliyempasua alisema ni hewa ya makaa, na hakuna aliyeshangaa. Nyansiongo mwezi wa Julai watu huingiza jiko ndani na kuziba madirisha, na hakuna mwaka unaopita bila wa kuzikwa. Ila chumbani hapakuwa na jiko. Mtu alikuwa ameliondoa. Na kwenye rafu ya juu, palipokuwa na mikebe sita yenye kanesheni za jeni, palibaki alama sita za mviringo zenye unyevu.

Mwenye jiko ndiye mwenye miche. Huo ndio uliokuwa msingi wa uchunguzi wa Nyanchera, na kwa wiki tatu haukuwa umemzalia kitu.

Aliyeikuta maiti ni Drusilla, mwosha chupa wa maabara, mjane wa miaka sabini anayekaa nje kidogo ya fensi ya shamba. Hilo peke yake lingetosha kumharibia jina. Kisha Bijal akachomwa Kisumu kwa desturi ya dini yao, majivu yakatiwa majini, na siku ya tatu harufu ikaanza. Asumini, tamu na nzito, mlangoni kwa Drusilla, mahali ambapo hapakuwa na ua lolote, mahindi mabichi tu na majani ya viazi. Kijiji hakikukawia kupata maelezo. Mtu asiye na kaburi hana pa kulala, walisema, na mchawi ndiye aliyempa pa kulala.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza Nyanchera.

"Saa nane na nusu."

Naibu chifu Cleophas alikuwa ametuma barua asubuhi. Wanaume wamekubaliana kulimaliza leo Ijumaa kabla jua halijatua, aliandika, kwa sababu likishatua ni Sabato. Mchungaji alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwasihi, wakamsikiliza kwa heshima na kumpa chai. Nyanchera aliisoma barua mara mbili na kukasirika mara zote mbili. Watu walioogopa kuwasha moto Jumamosi walikuwa wanaharakisha kumchoma kizee Ijumaa.

Na nusu ya siku alishaipoteza huko Tabaka. Jigar, mpwa wa mwenye shamba, husafirisha ng'ambo vinyago vya mawe ya sabuni, na mtu mmoja alikuwa ameapa kwamba miche imefichwa ndani ya mizigo yake. Nyanchera na Koplo Ongeri walifungua masanduku kumi na moja. Walipata viboko, sahani, twiga wawili waliovunjika shingo, na Jigar akitaka kujua nani atavifunga tena. Walivifunga wao wenyewe, kimoja kimoja, kwa majani makavu ya migomba.

Mlango wa maabara ulifunguliwa, Haresh akaingia. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na shamba hili alilinunua kwa ajili ya binti yake Bijal. Tangu mazishi hakuwa amerudi mjini. Alilala hapa hapa, katika kilichokuwa chumba cha maziwa enzi za mlowezi. Alivuta ndoo iliyopinduliwa, akaikalia.

"Jani?"

"Si la Bijal, mzee. Ni la jalala."

"Kwa hivyo mama Drusilla hana makosa."

"Wewe unajua, na mimi najua. Mzee Haresh, ni nani amewahi kunusa hizo kanesheni zenye jeni? Nataka majina yote."

"Mimi na Bijal. Basi." Alipangusa miwani kwa ncha ya shati. "Mmea wa kwanza kabisa ulitoa ua moja mwezi wa tatu. Akanipigia simu dukani: Papa, funga duka, kuja. Ilikuwa siku ya soko. Miaka thelathini mimi sijafunga duka siku ya soko. Nikafunga. Nikakaa hapa, juu ya hii ndoo, akaniambia nifunge macho. Madam, nilisikia Madhu amepita nyuma yangu."

Madhu alikuwa mkewe, aliyefariki Bijal akiwa na miaka kumi. Nyanchera alishasikia habari za asumini aliyoipanda kwenye debe nyuma ya duka na kuisuka nywelani kila jioni. Haresh aliiita mogra.

"Huo mmea wa kwanza uko wapi?"

"Ulikauka. Hizi sita alizikata kutoka kwa huo. Hakuna zingine duniani."

"Na harufu ya kwa Drusilla?"

Haresh alivaa miwani yake. "Ni hiyo hiyo," alisema. "Hiyo sitaki kuongea."

Mokeira alikuwa amesimama karibu na sinki, akisuuza chupa ambayo tayari ilikuwa safi.

Nyanchera alitoka nje na kuvuka shamba kwa miguu. Hesabu yake ilikuwa fupi. Kama harufu ni hiyo hiyo, basi miche haijaenda mbali. Iko mahali ambapo upepo unaweza kuifikisha mlangoni kwa Drusilla. Na upande wa juu wa nyumba ya Drusilla, ng'ambo ya fensi tu, kulikuwa na nyumba kumi na mbili za wafanyakazi. Zote zilikaguliwa siku moja baada ya kifo. Alikuwa na kitabu cha kuthibitisha.

Alimkuta Drusilla akichambua mboga kwenye kigoda, askari tawala wawili wakimlinda kwa kuangalia upande mwingine.

"Magokoro," alisema Nyanchera, akimwita bibi kwa Kikisii, "twende Kisii. Gari iko hapo. Ni siku mbili tatu tu."

"Nikienda watachoma nyumba, halafu watasema nimekimbia." Kizee hakuinua macho. "Nimezalia watoto saba hapa. Bwana yangu amelala hapo nyuma. Huko Kisii nitakaa wapi, kwa seli?"

"Na hiyo harufu?"

"Iko. Hata mimi nainusa, kwani nikudanganye? Asubuhi, na hii saa ya jioni. Inakuja inasimama hapo, kama mgeni hajui kama mko nyumbani. Huyo msichana alikuwa ananiamkua na Kikisii. Bwakire, magokoro, kila siku, na mimi mwosha chupa. Sasa nimfukuze aje?"

"Ni maua, magokoro. Si mtu."

"Sawa, madam. Basi hayo maua iko na adabu." Drusilla alitupa bua kando. "Baba yake pia anakuja. Asubuhi mapema anasimama hapo kwa fensi. Hasemi kitu. Akimaliza anarudi."

Ndipo Nyanchera akaisikia. Ilitokea upande wake wa kushoto, taratibu, kwenye baridi ile kali ya Julai, tamu kiasi cha kukera. Haikuja na kupita kama harufu za upepo. Ilikaa. Aliogopa, na hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba haogopi. Alilowesha kidole kwa mate akakiinua. Upepo mdogo uliokuwapo ulitoka upande wa nyumba za wafanyakazi, jambo lililompa nguvu ya kuondoka pale bila kukimbia.

Mkuu wa walinzi, Obwocha, alikuwa sajini mstaafu wa magereza, mzee mrefu aliyepiga pasi hata soksi. Alisimama wima alipomwona inspekta, Koplo Ongeri akiwa nyuma yake na kitabu cha ukaguzi.

"Tata," alisema Nyanchera, kama mtu amwitavyo baba, "kaa tu. Nataka unisomee ulichoandika siku ile. Nyumba zote, pole pole."

Nyanchera alikisoma kitabu hicho zamani, lakini ukweli ni kwamba alisoma mstari wa mwisho tu: nyumba kumi na mbili, zote zimekaguliwa, hakuna kitu. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa kuaminika. Aliandika hata kuku. Obwocha alivaa miwani na kuanza kwa sauti ya gwaride.

"Nambari saba. Vitanda mbili, kuku nne, debe moja ya mahindi, redio mbovu. Nambari nane. Kitanda moja, baiskeli bila gurudumu ya mbele, chini ya kitanda viazi. Nambari tisa. Imekaguliwa, hakuna kitu. Nambari kumi. Meza moja, cherehani, mtoto mgonjwa."

"Rudi tisa, tata."

"Imekaguliwa, hakuna kitu."

"Nambari nane uliona viazi chini ya kitanda. Tisa, chini ya kitanda kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu."

"Ukiingia, kitanda kiko mkono gani?"

Mzee alifunga kitabu, kidole chake kikiwa bado ndani.

"Nani anakaa tisa?" aliuliza Nyanchera, sasa kwa sauti ya chini.

"Onsongo. Dereva wa lori. Hayuko, ako safari ya Kericho."

"Onsongo ni nani kwako, tata?"

"Ni kijana yangu."

Nyanchera aliona uso wake mwenyewe ukipata joto. "Koplo," alisema bila kugeuka, "nenda ulete gari huku." Alingoja mpaka Ongeri alipofika mbali.

Alikuwa ameolewa miaka kumi na moja, na baba mkwe wake hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yake. Mwaka upepo ulipoezua bati, mzee yule alisimama nje kwenye mvua akitoa maagizo, na yeye akamjibu kupitia ukutani, mtoto mgongoni, maji yakiwamwagikia wote wawili. Hizo ndizo chinsoni, haya ya wakwe, na Mkisii aliyelelewa hazivunji hata kama kuna amri. Obwocha alikuwa na amri mkononi. Alifika mlango wa mke wa mwanawe, akashindwa, akaandika. Kusema hakuingia kungemwonyesha mbele ya tajiri na polisi kuwa mlinzi asiyefanya kazi yake. Kuingia kungemfanya asiweze kula tena na watu wa ukoo wake. Kati ya aibu hizo mbili alichagua uongo mdogo wa maneno matatu, na Nyanchera, ambaye angepaswa kuujua kabla ya mtu yeyote mwingine, alikuwa ameusoma na kuupita.

Mke wa Onsongo alikuwa Mokeira.

"Nilikohoa," alisema Obwocha. Sauti ya gwaride ilikuwa imemwisha. "Nilikohoa mara tatu pale nje. Hakuna mtu alijibu."

"Najua, tata. Mimi nitaingia. Wewe kaa hapa."

Alipozunguka kona alimkuta Mokeira amesimama mbele ya nambari tisa, ufunguo mkononi. Alikuwa amekimbia, kifua kinapanda na kushuka. Hakuulizwa kitu. Alifungua kufuli, akasogea kando.

Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja, pazia katikati. Kitanda kilikuwa mkono wa kulia. Nyuma ya pazia, chini ya kidirisha, mikebe sita ilikuwa imepangwa juu ya ubao, na chandarua kimetundikwa juu yake vizuri kuliko juu ya kitanda. Chini ya ubao kulikuwa na jiko la makaa lenye mguu mmoja uliovunjika, limeegemezwa kwa jiwe.

"Jiko ni la nani?"

"Yangu. Kila mtu hapa anaijua, kwa huo mguu." Mokeira alikaa kitandani. Alizungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na Nyanchera akaelewa kwamba anamsemesha mtu aliye nje. "Umeme ilikuwa imepotea na mvua ya mawe inanyesha. Daktari akasema zikishikwa na baridi zitakufa zote, nilete jiko. Nikaleta, nikawasha nje mpaka moshi ikaisha. Nikamwambia tufungue dirisha. Akasema kidogo tu, zipate joto. Akaziba na magunia. Mimi nikaenda kunyonyesha. Nikirudi saa kumi, alikuwa amelala hapo chini. Nikamwita. Nikamshika mkono."

"Kwa nini hukuita watu?"

"Jiko ni yangu, madam. Nani angeamini ni yeye alisema?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikatoa jiko. Halafu nikaona miche, majani imeanza kulala. Yeye alikuwa amekufa juu ya hizo. Sikuweza kuziacha."

"Na Drusilla? Wiki tatu umemwangalia."

"Ile jani si ndio mimi nilikuonyesha? Nilidhani ikigeuka nyeupe watamwacha."

Nje, chini ya mparachichi, Obwocha alikuwa amesimama mgongo kwa nyumba, kofia mkononi. Nyanchera alitoa daftari na kuanza kuandika maelezo kwa utaratibu: mahali, saa, idadi, hali ya vitu. Aliinua chandarua.

"Kanesheni sita. Zilichanua tarehe ngapi?"

"Bado, madam."

"Bado nini?"

"Hazijachanua. Hata moja. Daktari alisema ni mwezi wa nane, katikati."

Nyanchera aliinama. Kila mche ulikuwa na tumba moja au mawili, madogo, magumu, kijani, yamejifunga kama punje za maharage mabichi. Alipeleka pua karibu kabisa, mkebe baada ya mkebe. Ulinuka udongo mbichi na kutu.

"Ile harufu inatoka wapi?" aliuliza.

"Mimi nilidhani nyinyi ndio mtaniambia." Mokeira alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Unafikiri ni kuogopa jela tu ilininyamazisha? Ningewatolea hizi, wangeona hazijafunguka. Wangesema basi ni kweli, ni mtu. Si wangemaliza magokoro siku hiyo hiyo?"

Nyanchera alirudisha chandarua. Miaka kumi na tatu ya kazi ilikuwa imemfundisha kuandika alichokiona, na alichokiona ni miche sita yenye matumba yaliyofungwa. Kisha nduru ikapigwa upande wa fensi, na nyingine ikaijibu kutoka barabarani. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye miti ya chai ya ng'ambo.

"Kuna nailoni nyeusi hapa?"

"Ya kufunikia kuni."

"Lete. Na kamba."

Walikuwa watu kama arobaini, wengi wao wakiwa wameshaoga na kuvaa mashati safi. Naibu chifu Cleophas alisimama mlangoni kwa Drusilla, koti amelifunga kishikizo kisicho chake, mikono ameipanua. Askari tawala wawili hawakuonekana. Nyanchera na Ongeri walishusha ubao kutoka kwenye gari, mikebe sita ikiwa imefunikwa kwa nailoni na kufungwa kamba, wakauweka chini uani. Mokeira alibaki ndani ya gari.

Na harufu ilikuwapo. Ilikuwa nzito kuliko mara ya kwanza. Watu wa mbele walikuwa wanavuta hewa, wengine wamefunika pua kwa mkono.

"Sikieni," alisema Nyanchera. "Jiko lililomuua daktari limepatikana, na mwenyewe amekiri. Si Drusilla. Miche iliyoibwa imepatikana nambari tisa, pale juu, upepo unakotoka. Hii hapa. Harufu mnayosikia ndiyo hii. Hakuna uchawi. Nendeni nyumbani."

"Fungua tuone," alisema mwenye galoni.

"Haifunguliwi. Serikali imekataza hii mimea kutolewa nje ya nyumba yake. Hata hapa haikupaswa kufika." Hilo lilikuwa kweli, na alishukuru kuwa nalo.

"Bila kuona tutajuaje? Unaweza kuwa umetufungia sukuma wiki hapo."

Kicheko kikapita, cha watu wasiotaka kucheka. Cleophas akakohoa. "Kuna mtu mmoja tu aliwahi kunusa hiyo maua," alisema. "Mzee Haresh, njoo. Wewe uangalie, halafu utuambie."

Nyanchera hakuwa amemwona. Haresh alikuwa kwenye fensi, upande wa shamba, na haikuonekana kama alikuwa amefika sasa hivi. Alipita kati ya watu, wakampisha. Alipiga magoti kwa shida, akalegeza kamba, akainua ncha ya nailoni kiasi cha kuingiza kichwa.

Alikaa hivyo muda mrefu. Nyanchera aliweza kuona mgongo wake tu, na vidole vilivyoshika nailoni. Mtu huyu aliijua kazi ya binti yake kuliko yeyote pale. Alijua tumba ni nini na ua ni nini. Na alikuwa amesimama kwenye fensi ile asubuhi baada ya asubuhi, hasemi kitu, kwa sababu kuna jambo alilokuwa akilitumaini na kuliogopa, na sasa jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Nyanchera hakuweza kumnong'oneza neno. Alitamani kumwomba, na hakujua ana haki gani ya kumwomba.

Haresh alitoa kichwa. Alimtazama inspekta. Kisha akatazama mlango wa Drusilla, ambao ulikuwa wazi kidogo, kizee amesimama nyuma yake na kitambaa cha kanisani kichwani. Alirudisha nailoni chini, akaikaza kamba, akaijaribu kama imeshika.

"Ni hizi," alisema. "Zimefunguka zote. Harufu ni ya hizi."

"Si msichana yako?" aliuliza mwenye galoni, sasa kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

"Hapana." Haresh alisimama, magoti yake yakiwa na tope. "Msichana wangu alienda. Huku hakuna mtu. Ni maua tu."

Wazee wa nyuma waliuliza amesema nini. Haresh akawageukia, akalirudia lote kwa Kikisii, neno kwa neno, na alipofika pale pa kusema hakuna mtu, sauti ikamkatika, akaanza tena mwanzo mpaka akamaliza.

Watu walianza kutawanyika kwa makundi madogo. Mtu mmoja alikumbuka ng'ombe wake hawajaingizwa zizini na Sabato inaingia. Ongeri alipakia ubao. Obwocha alikuja hadi nyuma ya gari, akaligeuzia mgongo, akauliza hewani kama mtoto wa nambari tisa atalala kwa bibi yake leo, na Mokeira akajibu kutoka ndani kwamba ndiyo, na maziwa yako kwenye sufuria ndogo. Nyanchera alimwita Haresh waondoke pamoja.

"Nenda, madam," alisema bila kugeuka. "Mimi nitakuja na miguu."

Barabarani, Nyanchera alifungua daftari juu ya goti, akaandika chini ya hali ya vitu: kanesheni sita, zote zimechanua. Gari lilikuwa likirukaruka, lakini maandishi yalisomeka vizuri.

"Aliona?" aliuliza Mokeira kutoka kiti cha nyuma.

"Aliona."

Nyanchera alifunga daftari walipokaribia Keroka.